Aliyekaa Mguuni

Usiku ule mbu hawakulia.

Mwanamkasi alilitambua jambo hilo akiwa macho bado, mgongo ukutani, miguu kainyoosha mkekani, kofia aliyokuwa akiishona imemlalia mapajani. Nyumba yao ya Sokomuhogo ilikuwa na mbu kama soko la samaki lilivyo na nzi. Chini uani palikuwa na birika la maji ya mvua ambalo mfuniko wake ulishapasuka zamani, na jua likizama tu mbu walipanda ngazi ghorofa kwa ghorofa, wakaimba mpaka alfajiri. Miaka sita aliyokaa mle hakupata hata usiku mmoja wa kimya. Sasa palikuwa kimya, kimya cha kuziba masikio, na mbu wenyewe alikuwa akiwaona: wamejipanga kwenye mguu wake wa kulia, tangu kifundoni mpaka chini ya goti, wametulia, matumbo mekundu. Alipoinua kiganja awapige, akahisi kitu kimemkalia juu ya mguu, pale panapofungwa ukanda wa kiatu.

Hakikuwa kizito. Uzito wake ulikuwa wa mtoto wa miaka sita.

"Mama," ikasema sauti, ndogo, ya mbali, kama inatoka chini ya maji. "Nibembeze."

Mwanawe Wanu alikuwa na mwaka mzima kaburini.

Alipokuwa hai huo ndio ulikuwa mchezo wao. Wanu akikaa juu ya mguu wa mama yake, akilikumbatia goti, na mama akimpandisha na kumshusha huku mikono yake ikishona. Ikaja surua, surua ikashuka kifuani, Pandu akambeba mwanawe mpaka hospitali, mama naye nyuma, na siku ya tatu akarudi naye amefunikwa kanga. Mwanamkasi hakulia. Siku ya maziko hakulia, wala siku ya hitima. Wanawake wengine walisema ana imani, wengine wakasema ana moyo wa jiwe. Mwenyewe aliona tu kama kuna mlango ndani yake umefungwa na ufunguo haujui ulipo.

Kwa hiyo usiku ule, mumewe Pandu akikoroma kitandani na mtoto wao mdogo Raya amelala kando ya baba yake, Mwanamkasi hakupiga ukelele. Hakusoma hata Aya ya Kursiyu. Aliuangalia mguu wake mtupu, hapana mtu juu yake, akaupandisha taratibu, akaushusha. Akaupandisha, akaushusha.

Chumbani palinuka marashi ya mawaridi, yale yaliyokaa sana chupani mpaka yakachacha.

*

Nyumba ile haikuwa yao. Wenyewe waliondoka mwaka sitini na nne, na sanduku mbili, wakaacha vyungu jikoni na nguo kambani. Baadaye ikagaiwa vyumba vyumba. Pandu, mpakiaji wa ghala la karafuu bandarini, akapewa chumba cha juu. Wakahamia Wanu akiwa na mwaka mmoja. Cha chini, mlango wake unaangalia birika, wakapewa Mzee Silima, fundi saa, na mkewe Bi Tabia. Hawakujaaliwa mtoto. Mzee Silima alikuwa mtu wa kikohozi. Akikohoa mara mbili, anasita, anakohoa ya tatu, na nyumba nzima ikijua yuko. Alifariki miezi minane baada ya Wanu. Tangu hapo Bi Tabia alikuwa akikaa barazani mikono mitupu, na ukimsalimia anakujibu kama mtu aliyeamshwa.

Masika ya mwaka wa sabini yalipoanza, Wanu alikuwa anakuja kila usiku.

Na kila usiku mbu walinyamaza, na kila asubuhi mguu wa kulia uliamka mzito zaidi. Kwanza ndara ilikataa kuingia mguuni. Halafu kwenye kinena pakatoka mtoki, tezi iliyovimba kama tunda la kungu, ikafuata homa ya siku tatu iliyomtetemesha mpaka meno yakagongana. Homa ikaondoka, uvimbe ukabaki. Mwanamkasi akaufunika kwa kanga, akawa anakwenda sokoni mapema kabla watu hawajajaa. Mtu akimuuliza mbona anachechemea, alisema kaanguka ngazini.

Bi Tabia peke yake hakudanganyika. Siku moja alimshika mkono pale uani.

"Mwanangu, usiku unazungumza na nani?"

Mwanamkasi akatazama chini, halafu akamwambia, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Alidhani bibi yule ataogopa. Bi Tabia hakuogopa. Alimsogelea mpaka pumzi zao zikakutana.

"Sauti ile ile?" akanong'ona. "Ile ile yake?"

"Ile ile, Bi Tabia."

"Una bahati, mwanangu," akasema yule mzee, akamwachia mkono.

*

Watu wa afya waliingia mtaani baada ya sala ya isha, wawili, na karabai na meza ya kukunja. Mkubwa wao akiitwa Masoud, mtu wa Matemwe, wa makamo, mpole, mikono yake inanuka spiriti. Alimpa Bi Tabia shikamoo, akaomba ruhusa ya kumtoboa kila mtu ncha ya kidole.

"Kwa nini usiku?" Pandu akauliza. "Mchana damu inakwenda wapi?"

"Damu ipo, bwana. Ninayemtafuta ndiye hayupo." Masoud akakamua tone la Mwanamkasi juu ya kioo. "Huyu ni mnyoo wa matende. Mbu ndo anompeleka mtu kwa mtu. Wakubwa wanakaa kwenye mitoki, wanaziba njia za maji ya mwili, mguu unajaa. Watoto wao wako kwenye damu. Mchana hujificha ndani kabisa, hata ukichukua chupa nzima humwoni. Usiku, mbu anapotoka, na yeye hutoka."

"Anajua saa?" akauliza Bi Tabia.

"Anajua, bibi."

Aliinamia darubini yake, akakaa kidogo, halafu akamwita Mwanamkasi aangalie. Ndani ya duara la mwanga, katikati ya damu yake mwenyewe, vitu vyembamba kuliko uzi wa kofia vilikuwa vinajipinda na kujinyoosha, vinasukumana. Vilikuwa hai. Mwanamkasi akajitoa haraka, mkono mdomoni.

Masoud akashusha sauti. "Dada, nioneshe mguu." Alipofunua kanga, Pandu naye aliuona kwa mara ya kwanza katika mwanga, akageuza uso. "Bado mapema. Huu unarudi. Mama yangu mimi hakupata dawa. Kaingia kaburini na mguu haukutosha ndani ya sanda. Wewe utapona." Akamhesabia vidonge vyeupe ndani ya kikaratasi. "Asubuhi, mchana na usiku, ukishakula. Siku kumi na mbili, usikatishe. Na nikwambie mapema usije ukafazaika: wakianza kufa utawajua. Homa itapanda, kichwa kitagonga, mwili utawasha. Hiyo si dawa inakudhuru. Ni wao wanakufa."

Usiku ule alimeza cha kwanza. Kilikuwa kichungu. Saa nane homa ikapanda kama alivyoambiwa, na mbu wakanyamaza, na uzito ukaja mguuni, lakini haukutulia. Ulikuwa unatapatapa.

"Mama, moto," ikalia sauti. "Mama, unan'choma. Nimekosa nini?"

Mama gani angeweza kuendelea? Asubuhi Mwanamkasi alikiweka kidonge ulimini mbele ya mumewe, akanywa maji, akatoka, akakitema birikani. Na cha mchana. Na cha usiku. Siku kumi alifanya hivyo. Mguu ukawa unang'aa, ngozi imetanda kama ya ngoma iliyoanikwa juani, na usiku alibembeza mpaka misuli ya paja ikawaka, kwa sababu mtoto aliyekuwa juu yake alikuwa anakua mzito.

*

Pandu alimfuma usiku wa kumi na moja. Aliamka akamkuta mkewe gizani, macho wazi, mguu unapanda na kushuka, anaimba chini chini wimbo wa kulazia mtoto. Akakaa naye mkekani.

"Unamwimbia nani, Mwanamkasi?"

Hakuwa na nguvu tena za kuficha. "Wanu yupo," akasema. "Karudi nyumbani."

Pandu alikuwa mtu wa kubeba magunia. Hajui maneno mengi. Aliutazama mguu wa mkewe, akatazama juu yake pale ambapo hapakuwa na kitu. Mkono wake ukanyanyuka kama unaotaka kugusa, ukasita, ukarudi.

"Anasema nini?"

"Anataka kubembezwa."

Pandu akajisogeza karibu naye.

"Na mimi," akauliza Pandu, "kan'taja?"

Mwanamkasi akagundua kwamba katika miezi yote ile sauti haikumtaja baba yake hata mara moja. Wanu, ambaye alikuwa akimngoja Pandu kwenye ngazi kila jioni.

"Ndiyo," akasema. "Anakusalimia."

Pandu akafunika uso kwa mikono yake miwili.

Kulipokucha hakwenda kazini. Alimwachia Bi Tabia mtoto, akampandisha mkewe gari ya Bububu, wakateremka Mtoni, wakapita magofu ya jumba la kifalme mpaka kwa mganga, Fundi Mabrouk. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, anafuga bata, na alipoambiwa habari ile hakuchoma ubani wala hakupiga ngoma. Aliuliza kuhusu nyumba. Nani alikaa mle kabla. Walikuwa wakitia marashi birikani, siku za Ijumaa? Mtaa mzima unajua walikuwa wakitia.

"Basi walikuwa na jini," akasema Mabrouk. "Wa kurithi, wa kulishwa. Wakaondoka kwa haraka, hawakumuaga wala hawakumchukua. Kakaa mle na njaa. Bibi, nisikilize, na neno langu linauma. Maiti harudi. Mwanao yuko kwa Mola wake. Huyo ni mwenyeji wa birika. Kaisikia sauti ya mwanao miaka mitano, kaihifadhi, na sasa anakuuzia."

"Namjua mwanangu," Mwanamkasi akasema.

"Unamjua. Kwa hiyo muulize jambo lisilopata kutokea wala kusemwa ndani ya nyumba ile. Asiyoyasikia hayajui." Akampa chupa ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya mawaridi. "Mwoshe hili mtoto ulonaye. Alooshwa hili hakaliwi. Na vidonge vya yule bwana wa darubini, umemeza?"

Mwanamkasi akaivuta kanga juu ya mguu.

"Meza," akasema fundi. "Kajenga ndani ya damu ilioharibika. Mimi naziba mlango tu. Ile dawa ndo inayovunja nyumba."

*

Hakumwosha Raya usiku ule. Wala hakuuliza swali. Alijiambia atauliza kesho. Maana ukiuliza utajibiwa, na ukishajibiwa huwezi tena kutokujua. Kesho ikawa kesho kutwa. Usiku wa tatu akaketi mahali pake, akanyoosha mguu, mbu wakanyamaza, marashi yakanuka, na uzito haukuja.

Akangoja. Mvua ilikuwa inadondoka birikani tone moja moja. "Wanu," akaita. Hapana. "Wanu, mama."

Ndipo akasikia kicheko, cha mtoto mdogo, cha furaha, kikitoka kitandani, akageuka na katika mwanga mdogo wa dirisha akamwona Raya amelala chali kando ya baba yake, macho yamefumba, mguu wake mmoja umenyooka na godoro chini ya mguu ule limebonyea kama limekaliwa na mtu mzima, na ule mguu mdogo, mwembamba, usiofika shubiri mbili, ulikuwa unajaribu kupanda na kushuka, unashindwa, unajaribu tena, na juu yake, tangu vidoleni mpaka gotini, wamejaa mbu waliotulia hata ngozi haionekani, weusi kama soksi, na mtoto usingizini anacheka na kusema, "Dada. Dada."

Mwanamkasi hakujua alivyofika kitandani. Aliwafagia wale mbu kwa kiganja, kiganja kikajaa damu, na mguu wa mwanawe chini yake ulikuwa baridi kama samaki.

"Wanu," akasema. "Siku ya mwisho. Kule hospitali. Ulinambia nini?"

Matone ya mvua. Kisha, kutoka mguuni pa Raya, ile sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe ikajibu, tamu, ya upole:

"Nlikwambia unipe radhi, mama."

Mwanamkasi akafumba macho.

Maneno yale aliyajua yalikotoka. Yalisemwa chumbani mle, siku za matanga, na wanawake waliokuja kumpa pole, mmoja baada ya mmoja: mpe radhi mwanao, Mwanamkasi, mpe radhi. Wanu hakuyasema. Wanu alikuwa mtoto wa miaka sita, hajui radhi ni kitu gani. Alichosema kule hospitali, midomo imepasuka, mkono wake umeshika ncha ya kanga ya mama yake, ni: "Tunarudi lini nyumbani?" Na Mwanamkasi alimjibu, "Kesho."

Akamchukua Raya, akaifungua ile chupa kwa meno, akamwosha kombe mtoto mwili mzima, kichwa mpaka unyayo, mtoto akaamka akilia, Pandu akaamka akipiga bismillahi. Akampa baba mtoto. Kisha akashuka mkekani, akaegemea ukuta, akaunyoosha mguu wake mbovu.

"Rudi huku," akaliambia giza. "Huko huna pa kukaa tena. Njoo kwa mama."

Kikaja. Kilikuja kizito, kwa shukrani, kikalikumbatia goti lake kwa mikono isiyoonekana, na Mwanamkasi, machozi hana, akanyoosha mkono akachukua kikaratasi juu ya sanduku, vidonge vilivyobaki, akaweka kimoja ulimini, akakimeza.

*

Asubuhi Pandu alikwenda kwa Masoud kuomba vidonge vya kutosha siku kumi na mbili kamili. Masoud hakumgombeza. Alikuja mwenyewe, akaweka mkono kwenye paji la uso wa Mwanamkasi, akasema, "Safari hii usinitemee, dada." Wenziwe wakamwaga mafuta birikani, wakauziba ule mfuniko uliopasuka kwa saruji.

Siku kumi na mbili si nyingi kwa mwenye afya. Mwanamkasi alizipita kama mtu anayetambaa. Homa ilipanda na kushuka, mwili ukamwasha mpaka akajikwaruza akatoka damu, mtoki ukavimba ukauma kama jipu. Pandu alimkanda kwa maji baridi, akampikia uji, akalala ameketi. Mchana alipata nafuu. Usiku alisikiliza.

Kwa sababu kile kilichokuwa mguuni hakikuacha sauti ya Wanu hata mara moja. Angeshukuru kingefanya hivyo. Angeshukuru kingenguruma, kikamtukana, kikajionesha sura yake ya kweli. Kilibaki mtoto. Usiku wa nne kililia, wa sita kilibembeleza, kikaahidi hakitamgusa tena Raya, kikaomba maji. Usiku wa tisa uzito wake ulikuwa wa mtoto wa miaka mitatu. Wa kumi na moja ulikuwa wa kichanga, na sauti ilikuwa nyembamba hata ikabidi aiinamie aisikie, na Pandu aliyemshika mabega kwa nyuma alihisi mwili wa mkewe unavyoinama, akauma mdomo wake asiseme neno.

Usiku wa mwisho alimeza kidonge, akasema, "Nshameza." Akaaga hivyo, hakujua namna nyingine.

"Wale waliondoka na sanduku zao," ikasema ile sauti, taratibu. "Nlikuwa nnawaita. Hakuna aliyegeuka. Na wewe unan'toa." Ikapumzika. "Nikakae wapi, mama?"

Mwanamkasi alijua si mwanawe. Alilijua jambo hilo kama anavyojua jina lake. Na bado ule mguu, wenyewe, bila ya kuuamrisha, ulinyanyuka taratibu na kushuka, ukanyanyuka na kushuka, mpaka alfajiri, mpaka ulipokuwa unanyanyua hewa tupu.

Ndipo akalia. Alianza wakati Pandu anatoka kusali na hakumaliza mpaka jua limepanda, kilio cha mwaka mzima na zaidi, cha sauti, cha kujibwaga chini, hata majirani wakaja mbio wakiuliza kafa nani. Pandu aliwapokea mlangoni.

"Mwanetu," akasema. "Mwanetu Wanu."

Wakaingia wakakaa naye.

*

Mwezi uliofuata Masoud alirudi usiku na darubini yake, akakamua tone, akaangalia sana. Akamwita aangalie na yeye. Ndani ya duara la mwanga palikuwa na damu tu, imetulia.

"Safi," akasema Masoud, na furaha ilimjaa usoni hata Mwanamkasi akajilazimisha kutabasamu. Mguu ulikuwa umeshuka. Raya alikuwa anakimbia. Pandu alikuwa ameanza tena kupiga mluzi ngazini. "Waambie na wenzako. Nani mwengine humu ndani anachechemea?"

"Hakuna," akasema Mwanamkasi.

Lakini Masoud alipokwisha kuondoka, Mwanamkasi aliketi akafikiri, maana ilikuwa wiki ya tatu hajamwona Bi Tabia barazani. Alikuwa akimsikia asubuhi akiimba jikoni. Juzi alimnunulia mtu halua. Na mara ya mwisho walipopishana pale uani, yule bibi alikuwa amevaa kanga mpya, jozi nzima, ameishusha mpaka chini inaburura.

Akashuka. Chini kulikuwa giza, na mlango wa Bi Tabia ulikuwa na mstari wa mwanga wa taa kwa chini. Mwanamkasi alipofika ngazi ya mwisho akasimama. Kulikuwa kimya cha kuziba masikio.

Mle ndani mtu akakohoa. Mara mbili, akasita, akakohoa ya tatu.

Alibisha hodi. Mlango ukafunguka nusu. Bi Tabia alikuwa amejipaka wanja. Uso wake ulikuwa umekonda, macho yanang'aa kama ya bi harusi, na nyuma yake yakatoka marashi ya mawaridi yaliyochacha. Alikuwa ameegemea mlango kwa sababu mguu mmoja haukuweza kumbeba.

"Karibu mwanangu," akanong'ona. "Ila sema polepole. Ndo kwanza kalala."

"Bi Tabia." Mwanamkasi akamshika mkono, ulikuwa unawaka homa. "Bi Tabia, nisikilize. Yule si yeye. Mimi nshamjua. Masoud hajafika mbali, nikamwite, ni siku kumi na mbili tu, mimi mwenyewe ntakaa na wewe, ntakushika—"

Yule mzee akamwekea kidole mdomoni. Hakuwa na hasira. Alimwangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtoto anayeeleza jambo ambalo wakubwa wanalijua zamani.

"Nnajua si yeye, mwanangu," akasema. "Siku ya kwanza tu nlijua. Silima alikuwa hawezi kuniita jina langu bila ya kunitania." Akageuka kidogo kutazama ndani, kitandani, ambako godoro lilikuwa limebonyea upande mmoja. "Wewe ulikuwa na Raya. Ukimtoa huyu, una pa kugeukia. Mimi nigeukie wapi?"

Mwanamkasi akamwachia mkono. Ndani ya chumba kile kikohozi kikaanza, na Bi Tabia akaitikia, "Naam, nnakuja," akaufunga mlango taratibu ili mtu aliyelala asishtuke.